Jibu: Stars ilifungwa mara mbili na Kongo, ikafuzuje AFCON 2025?

Ndugu, umeuliza Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, ilifuzuje Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) huku imefungwa nyumbani na ugenini na DR Kongo. Kundi H lilikuwa na timu nne, na mbili za juu zilipita. Kongo walimaliza na pointi 12, sisi 10, Guinea 9, Ethiopia 4. Mechi ya mwisho kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, Novemba 2024, Guinea walikuja na pointi 9, sisi 7. Sare ingetutoa; bao la mchezaji wetu Simon Msuva likatuvusha.

Siku nyingine ukipiga hesabu, anza na pointi. Timu zikilingana katika kufuzu AFCON, tazama kwanza matokeo baina yao, ndipo uje kwenye tofauti ya mabao ya kundi zima. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kufuzu Kombe la Dunia 2026 tofauti ya mabao ya kundi ilitangulia.

Mwenyeji naye mchunguze: Morocco walicheza makundi ya kufuzu ingawa nafasi walikuwa nayo tayari, hivyo kundini mwao ilibaki nafasi moja tu, iliyochukuliwa na Gabon. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma zile za Shirikisho la Soka Afrika (CAF) za mashindano husika kabla hujabishana na mtu kijiweni.