Bia inapikwa au inatengenezwa?

Msomaji wa Tabata kaniandikia: "Shikamoo mwalimu, kwetu Machame tunasema mama anapika mbege, sasa nikisema kiwanda kinapika bia wenzangu kazini wananicheka, nimekosea wapi?"

Marahaba, hujakosea popote. Hao wenzako hawajui tu kinachoendelea kiwandani, kule kimea cha shayiri kinasagwa, kinalowekwa maji ya moto, kinachujwa, afu yale maji yanachemshwa na hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu) na yakishapoa ndo yanatiwa hamira, sasa kama huko sio kupika ni nini? Hata magazeti yetu yanamwita mtaalamu wa pale mpishi wa bia. Ila mbege watu wanaiona, ndizi zinachemka uani, uji wa kimea cha ulezi, gome la msesewa, wakati bia ya kiwandani toka enzi za Tanganyika Breweries mwaka 1933 mteja haoni sufuria, anaona kreti likishushwa tu, ndo maana midomoni ikaja "tengeneza" na siku hizi "zalisha", ambayo kwangu inanuka ripoti ya mwaka lakini sio kosa. Mnazi na ulanzi tu ndo usivipike, vinagemwa.

Ila ukiniuliza mimi, kiwanda hakikugusa sana kitenzi, kiligusa kuhesabu. Baa unasema "dada, lete bia mbili" na hakuulizi kipimo, chupa ishapima. Nenda kilabuni useme "pombe mbili" uone utakavyotazamwa, pale ni kopo, ni jagi, ni lita, na zamani (na vijijini mpaka leo) ni kibuyu kimoja kinazunguka watu wote kwa hiyo hakuna hata cha kuhesabu. Afu friji nayo ikaleta "ya moto au ya baridi?", na hiyo ya moto haijapita jikoni wala nini, ni ile iliyokaa nje kwenye kreti.

Halafu kuna kuiva. Pombe ya kienyeji inaiva, ikilala siku mbili tatu inachacha na kuwa kali, bia haiivi, ina tarehe. Chibuku ndo iko katikati, inatoka kiwandani lakini inaendelea kuchacha humohumo kwenye boksi, kwa hiyo unaihesabu kama bia, boksi moja, maboksi mawili, ila kilichomo unakiulizia kama pombe, ni ya leo au ya juzi.