Ngoro za Wamatengo: kwa nini mlima haumomonyoki

SWALI: Mhariri, nasikia Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima miteremko mikali tangu enzi za mababu, na udongo bado upo. Ngoro yao, yaani mashimo ya shambani yaliyozungushiwa matuta, inatengenezwaje? Na mvua ikizidi, mashimo hayajai yakabomoka? – Msomaji, Iringa

JIBU: Ngoro inahusishwa na karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yalipowabana Wamatengo milimani. Watu wakawa wengi, ardhi kidogo, tena ya mteremko. Ikabidi udongo uzuiliwe palepale ulipo.

Kazi huanza Machi, udongo ungali laini kwa mvua. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo, kifaa cha kufyekea, na kuyaacha yanyauke. Yakinyauka, hupangwa kwa mistari inayokatana, katikati ikibaki miraba ya kama mita 1.5 kila upande. Hapo wanawake huingia na jembe: huchimba ndani ya mraba na kurushia udongo juu ya majani pande zote nne. Matuta hayo ndiyo shamba lenyewe. Shimoni hapapandwi kitu. Maharage hupandwa papo hapo juu ya matuta, yakavunwa kama Julai. Desemba ni zamu ya mahindi kwenye matuta yaleyale, magugu yakitupwa shimoni yaoze. Mahindi yakishavunwa, shamba husubiri hadi Machi nyingine, ngoro zichimbwe upya. Duru nzima ni miaka miwili.

Mashimo hujaa, naam, na ndiyo kazi yake. Maji yakitulia, udongo uliosombwa hutua chini, nayo hupenya ardhini polepole. Hatari iko kwenye tuta. Likifukiwa juu ya majani machache halina kinachoshikilia udongo, hivyo hupasuka; maji ya shimo la juu hulivamia la chini yake, nalo likapasuka, na mvua moja inatosha kuchora korongo hadi bondeni. Kwa hiyo kuchoma majani kabla ya kulima ni kosa kubwa kuliko yote: umechoma uti wa tuta na mbolea yako kwa pamoja.

Tatizo la siku hizi linatokana na hapohapo. Kahawa iliingia miaka ya 1920 na watu wakaongezeka, mashamba yakawa hayapumzishwi vya kutosha, majani yakapungua. Ukitaka kujaribu, tazama shamba lako mwezi Februari. Kama majani hayajafunika ardhi yote, usichimbe, lipumzishe kwanza.