Swali la lugha: Wachawi wa Salem au washtakiwa wa Salem?

SWALI: Nafundisha Kiswahili sekondari, mkoani Mwanza. Wanafunzi wangu wanaandaa igizo kuhusu kesi za uchawi za Salem, Marekani, mwaka 1692. Katika mswada wetu kila mshtakiwa anaitwa “mchawi”, Tituba ni “mganga”, na mwishoni wachawi wanachomwa moto. Pia tunabishana: mtu mahakamani anakiri au anaungama?

JIBU: Mwalimu, nianze na moto, maana hapo kosa ni la historia. Salem hakuchomwa mtu. Watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe hadi kufa kwa kugoma kesi yake isikilizwe. Andikeni “wananyongwa”.

Sasa “mchawi”. Kwa Kiswahili, ukimwita mtu mchawi umeshamaliza kesi yake. Anayeshukiwa ni mtuhumiwa. Akishasomewa shtaka ni mshtakiwa. Msimulizi na maelezo ya jukwaani yabaki na maneno hayo mawili. “Mchawi” liwekeni vinywani mwa wanaoshtaki, na hapo msilipunguze makali hata kidogo. Msimulizi akitamka “anaingia mchawi Rebecca Nurse”, igizo zima limeshahamia upande wa walalamikaji. Rebecca alikuwa bibi wa miaka 71. Jopo la raia lilimwona hana hatia, likatakiwa lifikiri upya, likabadili uamuzi, naye akanyongwa Julai. Huko Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu, watazamaji wenu watajua uzito wa kumpachika bibi neno hilo.

Tituba msimfanye mganga. Mganga hutibu na kuagua, na watu humwendea wakimjua kwa kazi hiyo. Tituba alikuwa mtumwa nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, na Kiswahili kina neno lake kamili: mjakazi. “Mtumishi” au “dada wa kazi” yanaficha utumwa, kwa sababu hao wana ujira na wanaweza kuacha kazi.

Ubishi wa kukiri na kuungama umenifurahisha, kwa sababu igizo lenu linayahitaji yote mawili. Kukiri ni kukubali mbele ya yeyote kwamba jambo ni kweli. Kuungama ni kutubu dhambi mbele ya Mungu na waumini. Mahakamani tumieni kukiri na kukana. Na oneni ukatili wa kesi zile: waliokiri wakashikilia hivyo, Tituba akiwa wa mwanzo, hawakunyongwa, walionyongwa ni waliokana. Kuungama kuwekeeni onyesho la 1706, Ann Putnam, aliyekuwa mmoja wa wasichana walalamikaji, aliposimama kanisani huku toba yake ikisomwa mbele ya waumini.

Mtakutana pia na ushahidi wa wasichana waliodai kubanwa na kunyongwa koo na mshtakiwa ambaye mwili wake ulikuwa kwingine. Msiseme “mzimu”, kwani mzimu ni wa aliyekufa, na hawa walikuwa hai. Wala si “jini”, ambaye ni kiumbe mwingine kabisa. Ningeandika “umbo lake”: “Umbo la Bibi Nurse linanikaba!”

Kuroga na kuloga yote ni sahihi. Chagueni moja mlitumie mswada mzima.