Kabla Hujampakia Farasi Mkaidi Kwenye Lori

Wiki iliyopita nilimsikia kijana mmoja wa mabanda yetu hapa Karen akizungumza kwa simu na mwalimu wa farasi aliye Gilgil. Alimweleza kwamba farasi jike aliyestaafu mbio za Ngong ana "ukaidi kidogo tu", ilhali asubuhi ya siku hiyo farasi huyo huyo alikuwa amemrusha mara mbili na kuvunja mlango wa banda. Nilitamani kumnyang'anya simu. Kilichonizuia ni kukumbuka kwamba maneno hayo hayo yaliwahi kutoka kinywani mwangu, na hakukuwa na mtu wa kuninyang'anya mimi. Kwa hiyo ninawaandikia ninyi masaisi wapya, watunzaji wa farasi, pamoja na ninyi wenye farasi ambao mnadhani ada ya mwalimu hununua kila kitu.

La kwanza, mwambieni mwalimu ukweli wote. Miaka kumi na minne iliyopita nilikuwa nikimtunza farasi mmoja mwekundu, aliyehasiwa, aliyeletwa kwetu kutoka mbioni akiwa na umri wa miaka mitano. Chini alikuwa mpole kama mbuzi wa nyumbani. Ukishampanda na kukusanya vigwe, zile kamba za kumwongozea, alisimama kwa miguu ya nyuma, na siku moja alipitiliza akaanguka kichalichali, nami nikaponea chupuchupu kwa kuteleza pembeni. Mama mwenye farasi hakuwepo siku hiyo, na sikumwambia. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitamrekebisha mwenyewe ndani ya miezi sita, na miezi sita ilikuwa imekwisha. Hatimaye alipoamua kumpeleka kwa mwalimu, niliogopa mambo mawili: kwamba mwalimu akijua angemkataa, na kwamba mama akijua angeuliza mimi nilikuwa nikilipwa kwa kazi gani.

Mwalimu aliniuliza maswali matatu. Je, anapiga mateke? Je, anachomoka mbio na mpandaji? Je, anasimama kwa miguu ya nyuma? Nikajibu mawili ya kwanza kwa ukweli, kwamba hapana, na kwa la tatu nikasema, "Mara moja moja huinua kichwa." Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Siku ya tatu, saisi wa mwalimu, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amepata mtoto, alimpanda uani karibu na ukuta, mahali ambapo mtu anayejua asingethubutu kumpandia farasi wa aina hiyo. Akakusanya vigwe, farasi akasimama, wakaanguka pamoja. Kijana alivunjika nyonga. Nilipokwenda kumwona hospitalini aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Kaka, huko kwenu alikuwa hafanyi hivi?" Nikamjibu kwamba hakuwahi. Ule uongo wa simu ninaweza kuueleza kwa hofu ya kazi, lakini huu wa pili niliusema nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, chungwa nililomletea likiwa mkononi, na mpaka leo sijapata maelezo yake.

Baada ya ajali, mwalimu alimwita daktari wa mifugo, ambaye alifungua kinywa cha farasi na kukuta vile vijino vidogo vinavyoota mbele ya magego ya juu. Kimoja kilikuwa kimevunjika, kipande kimebaki chini ya ufizi, mahali hasa ambapo lijamu, kile chuma cha kinywani, hugonga. Viling'olewa, kidonda kikaachwa kipone, na baada ya majuma machache yule mkaidi wetu alikuwa akipokea lijamu bila kelele. Miezi yote ile nilipokuwa nikimwita mjeuri alikuwa akinionyesha kidonda. Nilirudi kwa yule kijana, nikamweleza yote. Alibadilisha mkono wa mkongojo, akaniuliza kama farasi amepona.

La pili, daktari aangalie meno, mgongo na miguu, na tandiko lipimwe juu ya mgongo wa farasi huyo huyo, kabla hamjamlipa mwalimu hata shilingi.

La tatu, farasi asafiri na nyasi kavu za nyumbani za kuchanganya na za huko kwa siku saba hadi kumi, maana hawezi kutapika na msokoto wa tumbo humuua. Na chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika iwe imekamilika mapema, si asubuhi ya safari.

La nne, mjue farasi wenu alifundishwa nini mwanzoni. Farasi wa mbio hazoei kusimama akingoja mtu apande kwa kikuku, kile chuma cha kukanyagia kwenye tandiko. Mpandaji hunyanyuliwa kwa mguu na kurushwa juu huku farasi akiendelea kutembea, na vigwe vikikazwa, yeye huegemea lijamu na kukimbia. Tuliwahi kuwa na mgeni aliyevuta vigwe kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyovuta ndivyo farasi alivyoamini kwamba utepe wa kumalizia uko karibu. Walisimamishwa na ua wa jirani. Mgeni alidai fidia. Mimi nilidhani farasi ndiye aliyestahili kombe.

La tano, na hili linanichosha kulirudia: farasi si simu iliyopelekwa kwa fundi. Anajifunza kwa kuachiliwa. Unamgusa kwa mguu, anajibu, nawe unaacha papo hapo, na ule wepesi wa kuacha ndio anaoukumbuka. Mwalimu anaacha kwa wakati. Wewe uliyebaki nyumbani miezi mitatu ukipiga soga bado unachelewa, na farasi atakurudia vilevile ulivyompeleka kabla ya mwezi kwisha. Nendeni huko majuma mawili ya mwisho, mpande mbele ya mwalimu, mgombezwe.

Yule kijana wetu alimpigia tena mwalimu jana jioni, nikiwa nimekaa kando yake. Walizungumza dakika arobaini, mlango wa banda ukitajwa mara kadhaa, na wamekubaliana kwamba farasi asipakiwe kwanza, kwa kuwa daktari atakuja Alhamisi kumwangalia kinywani.