Uliza Tujibu: Mzee wangu ananiita "quine", ni tusi au ni sifa?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba Waskoti nao wana lahaja zao kama sisi watu wa pwani, basi barua zikamiminika, nyingi za ndugu zetu wanaofanya kazi na kusoma kule. Nafasi ya leo yote ni yao.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nafanya kazi nyumba ya wazee huku Aberdeenshire, kaskazini mashariki ya Uskoti, huu mwezi wa nane. Kizungu nimesoma vizuri tu mpaka chuo. Siku ya kwanza mzee mmoja wa miaka tisini na kitu akaniambia "Fit like the day, quine?" mi nikadhani ananiuliza kama niko fiti na ananiita malkia, nikamjibu ndio niko fiti sana, mzee akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake namvalisha shati ananiambia "ma oxter's sair", nikasimama hapo na mkono wa shati sijui anataka nini. Msimamizi wangu, yeye katoka London, akasema nisijisumbue hicho ni Kizungu kilichovunjika. Ni kweli? Na mbona rafiki yangu aliye Glasgow anasema hajawahi kusikia mtu kaitwa quine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, si kweli, na nakuomba hilo usilishike hata kidogo. Mzee wako anaongea Kiskoti, ambacho na Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka kwenye Kiingereza cha kale, hiki cha Uskoti kikitokea upande wa Northumbria, halafu kila mmoja akakulia kwake (na wala si Kigaeli, ile ni lugha nyingine kabisa ya watu wa milimani na visiwa vya magharibi). Kwenye sensa ya 2022 watu kama milioni 1.5 walisema wanakiongea, na mwaka 2025 bunge la Uskoti likapitisha sheria ya kukitambua rasmi pamoja na Kigaeli. Sasa hicho kitavunjika kutoka wapi?

"Fit" hapo ni "nini", yaani lile "what" ulilofundishwa shule. Watu wa kaskazini mashariki, lahaja yao inaitwa Doric, pale ambapo wenzao wanaanza na "wh" wao kwenye maneno ya kuuliza wanatia "f": fit ni nini, far ni wapi, fan ni lini, fa ni nani, foo ni vipi. Si ulimi mzito, ni kanuni, na wewe wa Mombasa ndo wa kwanza kuielewa maana bibi zenu wa Mji wa Kale wanasema mtele pale Unguja wanaposema mchele, nti kwa nchi, kuteka kwa kucheka, na hakuna aliyekaa akaamua kuharibu. Kwa hiyo "fit like?" ni "hujambo, u hali gani?" Ukiulizwa jibu "nae bad", au kama umechoka lakini unasonga, "chavin awa". Na siku wakikuuliza "foos yer doos?" usihangaike kutafuta, wanakuuliza njiwa wako hawajambo, jibu lake ni "aye peckin", bado wanadonoa, ni salamu tu za watu waliozoeana.

Quine ni msichana au mwanamke, mvulana ni loon. Na kwenye malkia hukukosea mbali, quine na "queen" mzizi wao ni mmoja, neno la kale la mwanamke, isipokuwa moja likapanda ikulu na lingine likabaki shambani na watu wake. Rafiki yako wa Glasgow hajalisikia kwa sababu si la kwao, hayo ni maneno ya Aberdeen na vijiji vyake, Banff, Moray, na loon linashuka mpaka Angus, ndo maana timu ya mpira ya Forfar jina lake la utani ni Loons.

Ila oxter ni habari nyingine. Oxter ni kwapa, sair ni inauma, mzee alikuwa anakwambia kwapa linamuuma ukimpandisha mkono! Neno hilo utalikuta Uskoti nzima, na Ulster pia, yaani kaskazini ya Ireland. Kwa hiyo usije ukayaweka yote kapu moja ukasema "ya Aberdeen", kila neno lina mipaka yake, moja linavuka nchi nzima, jingine halitoki bonde moja. Mfano kidole cha mwisho, kile kidogo: sehemu kubwa ya Uskoti wanakiita pinkie, na hilo limesafiri mpaka Marekani, lakini mzee wako huenda akakiita crannie kwa sababu ni mtu wa huko. Akitaka umkumbatie atasema bosie, nalo la huko huko. Akiomba "fly cup" mletee chai.

Na jambo moja nakwambia kwa uzito. Watoto wengi wa umri wake walipigwa mikanda ya ngozi darasani, wakikatazwa kuongea walivyoongea nyumbani, sawa na wazee wetu Kenya waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama. Wapo waliozeeka wakiamini kweli wanachoongea ni uchafu. Kwa hiyo kesho asubuhi ukiingia chumbani kwake mwanze wewe, "Fit like?", halafu mtazame uso. Niandikie uniambie alivyokuwa.

SWALI: Mwalimu mambo. Niko Glasgow nasoma uhandisi, jirani yangu ana mtoto anamwita "wean", mwenzetu mmoja wa Edinburgh anasema "bairn", wanabishana kila siku nani sahihi. Halafu nikikataa kitu naulizwa "how no?" mi naanza kueleza namna gani, kumbe sivyo. Nisaidie.

JIBU: Wote wako sahihi, kila mtu kwao. Wean linatamkwa karibu na "wein", limetokana na "wee ane", yaani kadogo, na ni la magharibi: Glasgow, Ayrshire, ukivuka bahari unalikuta Ulster, kwa sababu kuanzia miaka ya 1600 na kitu watu wengi wa kusini magharibi ya Uskoti walihamia huko na maneno yao mdomoni. Bairn ni la mashariki na kaskazini, Edinburgh, Fife, Aberdeen, mpaka visiwani. Ukitaka kujua mtu katoka upande gani bila kumuuliza, muulize tu habari za watoto.

"How" kwa watu wa Glasgow ni "kwa nini", hivyo "how no?" ni "kwa nini hutaki?" Na ukiambiwa mtu kaenda kuchukua "messages" si meseji za simu, kaenda dukani kununua vitu vya nyumbani, hilo wanalo Uskoti yote. Ginger hapo kwenu si tangawizi, ni soda yoyote ile. Close si kufunga, ni ule ujia na ngazi za pamoja za jengo la ghorofa. Mama wa dukani akikuita "hen" ukiwa msichana, ni kama "mwanangu" ya kwetu, ipokee.

Huyo wa Edinburgh naye akikwambia kitu ni "barry" ana maana ni kizuri sana, "gadgie" ni mwanamume, "chore" ni kuiba. Hayo ni ya Edinburgh na miji ya mpakani na Uingereza, na yametoka kwa Waroma (si watu wa mji wa Roma, ni wale Wazungu wanaowaita Gypsy), ambao kijiji cha Kirk Yetholm huko mpakani kilikuwa makao yao makubwa. Waroma asili yao India, na wale mliokulia kwenye sinema za Kihindi hilo chore si mnalijua, chor ndo mwizi yule yule! Hili lilinifurahisha siku mbili nzima nilipoligundua.

SWALI: Wewe mwalimu unajuaje neno fulani ni la Angus na si la Fife? Nani alipita kupima? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Swali zuri, na kwa kweli walipita. Kazi ni ya zamani, John Jamieson alitoa kamusi yake ya Kiskoti mwaka 1808, halafu ikaja kamusi kubwa ya taifa, juzuu kumi, iliyotoka kidogo kidogo kuanzia 1931 mpaka 1976, na kwenye hiyo kila neno linawekewa vifupisho vya kaunti lilikosikika, Abd. ni Aberdeen, Fif. ni Fife, Ags. ni Angus, yaani unasoma neno na ramani yake pamoja. Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Edinburgh kikaanzisha uchunguzi wa lugha nchi nzima, na miaka ya 1950 madodoso yakatumwa kwa posta mpaka shule za vijijini, mwalimu mkuu atafute mtu aliyezaliwa na kukaa hapo hapo, huyo ndo ajaze: kwapa mnaitaje, mdudu huyu mnamwitaje, kijiti kikikuchoma kidoleni mnasemaje. Majibu yakachorwa ramani na kutolewa kwenye atlasi, juzuu ya kwanza 1975. Nikifikiria Tanga yetu, na Mtang'ata, na Pemba, na wazee wanavyoondoka kila mwaka na maneno yao, natamani madodoso kama hayo yangezunguka kila kijiji cha pwani.

Lakini njia nyingine ni sikio. Nilipokuwa Dundee niliingia duka la mikate, mbele yangu bibi mmoja na kikapu, akasema kwa haraka "twa plehn bridies an an ingin ane an aa". Bridie ni kama sambusa kubwa ya nyama, asili yake Forfar, hapo jirani. Mbili za kawaida, na moja ya kitunguu pia. Muuzaji akainama, akaangalia juu ya unga uliookwa, tundu moja ni ya kawaida, matundu mawili ni ya kitunguu, akazichukua tatu bila kuuliza. Dundee sauti yao ya "e" ndo inawatambulisha, "pie" wanasema "peh". Na tundu la kupitishia maji ya mvua barabarani wanaita cundie, kule Glasgow linaitwa stank.

SWALI: Mimi ni wa Kikuyu, Kenya. Kuna ukweli kwamba Thogoto ni neno la Kiskoti?

JIBU: Si neno lao, ni jina lao. Wamisheni wa Kanisa la Uskoti walijenga hapo, na "Scot" ikipita kwenye ulimi wa Kikuyu ikatoka Thogoto.

SWALI: Baharia wa Unguja hapa, meli yetu itatia nanga Lerwick, Shetland. Kuna la kujiandaa?

JIBU: Lipo, tena mengi. Orkney na Shetland, visiwa vya kaskazini ya Uskoti, zilikuwa chini ya Denmark na Norwei mpaka 1468 na 1469, zilipowekwa rehani kwa ajili ya mahari ya binti mfalme Margaret aliyeolewa na James wa tatu wa Uskoti, na rehani haikukombolewa tena. Kwa hiyo utasikia lugha ya zamani ya Wanorwei ndani yake: ghuba nyembamba ni voe. Ule usiku wa kiangazi usioingia giza wanauita "simmer dim". Kitu kidogo ambacho Glasgow wangekiita wee, Shetland ni peerie, ukifika Orkney kinageuka peedie. "Dis" na "dat" ndo "this" na "that".

La muhimu zaidi kwako mtu wa adabu zetu: wana "du" na "you", zote "wewe", ila du ni ya rafiki, mtoto, mtu wa rika lako, na you ni ya mkubwa na mgeni. Anza na you kwa kila mtu, mpaka wao wenyewe wakuite du.