Sifuri Yako Nimeihesabu Upya

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Mbagala na nafanya kazi kampuni ya uwakala wa forodha huku mjini. Kazini waliletwa watu wa kupima afya. Presha yangu 124 kwa 80, sukari safi, daktari kasema mimi mzima kabisa. Wakatugawia na karatasi ya kupima msongo wa mawazo, maswali kumi. Nikaimaliza kwa dakika mbili, nikajumlisha, nikapata sifuri. Nimeibandika kwenye friji mke wangu aione, maana kila siku ananiambia nimebadilika. Aliisoma, akacheka, akachukua kalamu akaijaza upya kwa niaba yangu, akanipa 28. Hiyo si dharau, Shangazi? Mimi sina msongo. Nikitoka kazini napata bia mbili tatu pale Mtoni nikisubiri foleni ipungue, nabeti kidogo kuchangamsha akili, basi. Yeye ndiye kutwa yuko kwenye simu na dada yake, na vikao vya kikoba haviishi. Mwambie apunguze."
Baba Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuchekwa nyumbani kwako. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ni ndefu kuliko hicho kipande nilichokichapa, na nimeisoma yote. Na ile picha ya karatasi uliyonitumia ili nikuunge mkono nimeikuza nikaitazama swali kwa swali. Kipimo hicho kilitungwa Marekani mwaka 1983 na mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake, na hiyo fupi ya maswali kumi ndiyo inayozunguka zaidi. Kinakuuliza mwezi uliopita umejisikia hivi au vile mara ngapi, nawe unajibu kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 4, yaani mara nyingi sana. Jumla ya juu kabisa ni 40.

Wewe umezungushia 0 kote. Mstari mmoja, juu hadi chini. Ungesoma ulichokuwa unakizungushia ungeona kwamba maswali manne kati ya hayo yanauliza mambo mazuri. La nne linataka kujua ni mara ngapi umejiamini kwamba unaweza kuyamudu matatizo yako. Umejibu kamwe. La tano, ni mara ngapi umeona mambo yanakwenda unavyotaka. Kamwe. Hayo manne hugeuzwa kabla ya kujumlisha, 0 yake inakuwa 4. Nne mara nne, baba, ni 16. Na wanaokitumia kipimo hiki kwa kawaida huita 0 hadi 13 msongo mdogo, na 14 hadi 26 msongo wa wastani. Kwa hiyo cheti ulichokibandika kwenye friji kinakusuta chenyewe.

Usikimbilie kwenda kusema Shangazi kanipa 16, mke wangu kazidisha. Namba iliyotokana na kujaza kwa kulipua haina maana, iwe ndogo iwe kubwa. Na mkwe wangu naye, kwa haki, 28 yake haihesabiki, kwa sababu maswali yale yanauliza mtu anavyojihisi mwenyewe, hayajibiwi na jirani wala mke. Tena si kipimo cha ugonjwa. Hakuna daktari anayemwambia mtu unaumwa kwa karatasi hiyo peke yake. Ni ya kumfanya mtu mzima wa afya asimame kidogo ajiulize anaendaje. Wewe hukusimama.

Sasa tuje kwenye yale uliyoyaandika ukidhani unapita tu.

Unasema unakaa Mtoni kusubiri foleni. Sawa, barabara ya Kilwa jioni naijua. Lakini ukurasa wa pili unaniambia Jumapili hamfungui ofisi, na ukurasa wa tatu unaniambia mlikorofishana Jumapili kwa sababu ulirudi saa nne usiku kutoka Mtoni. Foleni gani hiyo ya Jumapili saa nne?

Unasema bia mbili tatu. Kisha unasema unalala fofofo ukigusa kitanda, ila saa tisa usiku macho kodo, unasikiliza mbwa wa mtaa hadi adhana. Mwanangu, pombe ndivyo ilivyo. Inamwahisha mtu usingizini, na ikianza kumtoka mwilini inamwamsha. Saa tisa hiyo ndiyo saa ambayo kontena la mteja lililokwama, na gharama za kukaa bandarini zinazopanda kila siku, na bosi mpya, na mkopo, vinakuja kukaa pembeni ya mto wako. Vyote umevitaja. Umevitaja kama mtu anayetoa salamu.

Unasema unabeti kidogo. Elfu tano kwa siku, umeandika mwenyewe. Kwa siku thelathini ni laki na nusu. Halafu unashangaa mkeo ana kisirani mwezi wa ada.

Hapa ndipo karatasi ile inapogota. Inauliza unajisikiaje, haiulizi unafanya nini ili usijisikie. Mtu anayezima kila kitu kwa chupa na mkeka wa kubeti anaweza kupata namba nzuri tu, tena bila kudanganya, kwa sababu kweli hasikii kitu hadi saa tisa usiku. Ndiyo maana wataalamu huangalia na upande wa pili, mtu akibanwa anashika nini. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman waliligawa jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1984: kuna kulishughulikia lile linalokubana, na kuna kuutuliza moyo. Yote mawili yana mahali pake. Msiba hautatuliwi, unatulizwa. Lakini mkopo hautulizwi kwa bia. Mkopo unapigiwa hesabu.

Na mkeo unayemshtaki? Anaongea na dada yake, ana kikoba. Yaani anatoa yaliyomo moyoni kwa mtu anayempenda, na anaweka akiba na wenzake. Hapo nilikuwa nangoja uniambie kosa liko wapi, nikafika mwisho wa barua sijaliona.

Wanaume wa siku hizi mnanichosha, niseme tu. Babu zenu walikuwa na baraza. Jioni kahawa chungu, kashata, bao limewekwa katikati, na katikati ya mchezo mtu anasema mwanangu kanishinda, au shamba limenipa hasara. Wenzake wanamchambua, wanamtania, anarudi nyumbani mwepesi. Ninyi mnakaa meza moja, muziki juu, kila mtu kainamia simu anaangalia timu ya Ulaya isiyomjua, na mkiagana hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za mama yake. Kisha mnaoa, mnategemea mke awe baraza, awe benki, awe nesi, na akikuuliza mbona umebadilika unamletea karatasi. Ndoa nyingi ninazoandikiwa hapa hazijavunjwa na mchepuko. Zimekauka kwa kimya. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nimetaja mama. Mwisho kabisa wa barua, katikati ya mabano, umeandika kwamba mama yako alipata kiharusi, yuko kwenu tangu mwaka jana, na mkeo ndiye anamwogesha. Mabano, baba! Kuna mtu anambeba mama yako mzazi kila asubuhi, anamgeuza, anamlisha, anawahisha watoto shule, kisha usiku anasubiri kusikia geti. Umeniandikia kurasa tatu kuhusu afya yako na hakuna hata mstari mmoja wa kusema yeye, kama angepewa ile karatasi, angepata ngapi.

Basi fanya hivi. Nunua daftari la mia tano. Kwa wiki mbili, kila usiku kabla ya kulala, andika leo nini kilikukaba, saa moja baada ya kukabwa ulifanya nini, na hicho ulichofanya nani kakilipia, kwa fedha au kwa usingizi. Andika na Jumapili. Usimuonyeshe mtu kama unaona haya. Wiki mbili zikiisha tafuta karatasi mpya, soma swali kabla ya kujibu. Na ukiona asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kitu, usijiachishe pombe mwenyewe ghafla, hiyo ina hatari yake. Nenda kituo cha afya ukawaambie ukweli, si bia mbili tatu. Vivyo hivyo ukianza kujiwa na mawazo kwamba heri usingekuwepo. Hapo usisubiri wiki mbili wala wiki moja.

Mkopo, kaa na mkeo Jumamosi asubuhi, ukiwa hujaonja kitu, umwambie umebaki kiasi gani. Nina hakika hajui. Mwanamke wa kikoba anajua mikopo kuliko wewe, muulize.

Na dada zako wawili uliosema wako Temeke. Temeke na Mbagala ni nauli ya daladala. Kumwogesha mama si kazi yako wewe mtoto wa kiume, nakubali, lakini kuwapigia simu na kuwapangia zamu ni kazi yako, wala si ya mkeo. Wapigie leo. Wakikuambia wana shughuli, waambie na mke wako anazo.

Kuhusu simu, sitamwambia apunguze. Mnunulie bando.