Maswali na Majibu: Yadi za Septemba na Hukumu za Haraka

Msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, umeingia wiki ya nne, na barua zilizonifikia zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: wapokeaji (wadakaji wa pasi) wa timu fulani wanafaa au hawafai? Nimechagua zile zinazonipa nafasi ya kusema jambo ambalo nalisema kila mwaka, na ambalo kila mwaka husahauliwa ifikapo Jumapili ya pili. Wanaotaka kuelezwa sheria zote za mchezo watanisamehe, kwa kuwa nafasi haitoshi.

Swali: Mpokeaji wetu namba moja amecheza mechi tatu na ana yadi 96 tu. Je, ameshuka kiwango? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Yadi 96, yaani umbali alioisogeza timu kwa pasi alizodaka, peke yake hazinielezi kitu. Ungeniambia alikuwemo katika mikupuo mingapi ya mashambulizi (kila mpira unapoanzishwa ni mkupuo mmoja), alirushiwa mipira mingapi, na kotabeki wake, yaani mrusha pasi, alipata muda gani kabla ya kuzongwa, tungekuwa na la kuzungumza. Timu hushambulia kwa mikupuo ipatayo 60 katika mechi moja. Mpokeaji aliyekuwemo katika mikupuo 55, akarushiwa mipira tisa na kudaka minne kwa yadi 30, bado ni mhimili wa mipango ya kocha wake, na yadi zitakuja ukuta wa kumlinda kotabeki ukitulia au ratiba ikilegea. Mwenzake aliyeingia mara 20, akarushiwa mipira miwili na mmoja kati ya hiyo ukampa yadi 60, ndiye mwenye sababu ya kukosa usingizi, ingawa ni yeye atakayesifiwa Jumatatu asubuhi. Yadi za mpokeaji ni kazi ya watu wengi: ukuta umlinde kotabeki, kotabeki amwone mtu wake, mpira ufike mahali pake na kwa wakati wake, na ni baada ya hayo yote ndipo mikono ya mpokeaji inapoingia katika hesabu.

Kumbuka pia kwamba siku hizi timu nyingi huwaweka kando wachezaji wao wakuu katika mechi za kujipima nguvu za Agosti kwa kuogopa majeraha. Matokeo yake ni kwamba kotabeki na wapokeaji wake huzoeana mbele ya macho ya watu, katika mechi zinazohesabika. Anayetoa hukumu ya mwisho wiki ya tatu anahukumu mazoezi.

Swali: Je, nimwache mpokeaji wangu katika timu yangu ya kubuni ya mtandaoni? (Wasomaji wengi mno kutajwa)

Jibu: Safu hii inahusu timu ambazo wachezaji wake hutoka jasho.

Swali: Chipukizi wetu ameangusha pasi tatu katika mechi mbili, na kocha bado anampanga. Kuna siri gani hapo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Hakuna siri yoyote. Kuangusha pasi ndilo kosa la mpokeaji ambalo hata mtu aliyewasha televisheni dakika hiyo hulitambua, ndiyo maana hupigiwa kelele kuliko makosa mengine yaliyo mabaya zaidi. Mwaka 1985 Jerry Rice, akiwa chipukizi wa San Francisco 49ers katika msimu wake wa kwanza, alizomewa na mashabiki wa nyumbani kwa kosa hilo hilo. Alimaliza msimu ule na yadi 927, akastaafu akiwa na yadi 22,895, na hadi leo hajapatikana wa kumkaribia. Mwezi Agosti 2021, Ja'Marr Chase wa Cincinnati Bengals aliangusha pasi katika mechi za kujipima nguvu hadi baadhi ya wachambuzi wakatangaza kwamba timu imelitupa chaguo lake la 5 katika drafti, mgao wa kila mwaka wa chipukizi. Wengi wao hawakutaja kwamba kijana huyo hakucheza msimu wote wa 2020, kwa kuwa alijiondoa wakati wa korona. Katika mechi ya kwanza ya ligi, dhidi ya Minnesota Vikings, alidaka pasi tano kwa yadi 101, akaja kumaliza msimu na yadi 1,455 na tachidauni 13 (mara alizoufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), na Bengals wakafika Super Bowl, fainali ya ligi.

Unachopaswa kuuliza ni jinsi pasi ilivyoanguka. Yupo anayeangusha kwa sababu macho yametangulia kutazama njia ya kukimbilia kabla vidole havijaufunga mpira; huyo hurekebishika kwa wiki chache za mazoezi. Yupo anayeungojea mpira umgonge kifuani badala ya kuunyooshea mikono. Huyo ana tabia ya tangu utotoni, na kumbadilisha ni kazi ya mwaka. Na yupo anayeisikia miguu ya mlinzi ikija katikati ya uwanja, akajikunja kabla ya kugongwa. Kwa huyo, mimi ningekuwa na wasiwasi. Hata hivyo, wote watatu wamewazidi ujanja walinzi wao hadi wakarushiwa mpira. Mpokeaji wa kuogopwa zaidi ni yule asiyeangusha chochote kwa kuwa hana nafasi hata ya kurushiwa.

Na tafadhali, msiniletee majedwali ya pasi zilizoangushwa kana kwamba yameshuka kutoka mbinguni. Ligi yenyewe haina takwimu rasmi ya jambo hilo. Kila kampuni ya takwimu hutumia jicho lake, na ndiyo maana mchezaji mmoja anaweza kuwa na makosa matano kwa hawa na matatu kwa wale.

Swali: Mpokeaji mrefu si ni bora kuliko mfupi? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Tyreek Hill hafiki futi sita na mwaka 2023 alipata yadi 1,799; tuendelee.

Swali: Mwaka 2023 kila mtu alisema wapokeaji wa Kansas City Chiefs ni wabovu, kisha wakachukua ubingwa. Basi nyinyi wachambuzi mna faida gani? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Swali la haki, ingawa lina ukali. Waliozungumza Septemba ile walikuwa sahihi kuhusu mtu mmoja, kisha wakaihukumu safu nzima kwa kosa lake. Turudi kwenye usiku wa tarehe 7 Septemba 2023 katika uwanja wa Arrowhead. Travis Kelce, taitiendi (mdakaji ambaye pia hukinga) ambaye kotabeki Patrick Mahomes alikuwa akimtafuta kabla ya mwingine yeyote, alikuwa nje kwa goti aliloliumiza mazoezini siku mbili kabla. Katika robo ya tatu, Chiefs wakiongoza 14-7, Mahomes alimrushia Kadarius Toney pasi fupi iliyopita katikati ya mikono yake na kumwangukia Brian Branch, mlinzi wa Detroit Lions, ambaye alikimbia nayo yadi 50 na kusawazisha. Toney alirushiwa mipira mitano usiku ule, akadaka mmoja kwa yadi moja, na Chiefs wakalala 21-20. Katika kelele zilizofuata, ilisahaulika kwamba mchezaji huyo alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi Julai na alikuja kwenye mechi bila kambi ya mazoezi.

Ilisahaulika pia kwamba usiku huo huo Rashee Rice, chipukizi wa raundi ya pili, alidaka pasi tatu, mojawapo ikiwa tachidauni. Benchi la ufundi halikumkabidhi majukumu yote kwa pamoja. Lilimwongezea mikupuo wiki baada ya wiki, akamaliza msimu wa kawaida na pasi 79, yadi 938 na tachidauni 7. Toney, kwa upande wake, alisimama mbele ya mstari wa mpira kabla mkupuo haujaanza katika mechi ya Desemba dhidi ya Buffalo Bills na kuifuta tachidauni ambayo ingewaweka Chiefs mbele dakika za mwisho, na Super Bowl hakucheza kabisa. Marquez Valdes-Scantling, aliyeangusha pasi ndefu dhidi ya Philadelphia Eagles mwezi Novemba huku mechi ikielekea ukingoni, ndiye aliyedaka pasi ya yadi 32 iliyowamaliza Baltimore Ravens katika fainali ya AFC, moja ya nusu mbili za ligi. Na pasi ya mwisho ya msimu, iliyoleta ushindi wa 25-22 katika muda wa nyongeza dhidi ya 49ers, ilidakwa na Mecole Hardman, ambaye mwezi Septemba alikuwa mchezaji wa New York Jets. Hakuna mchambuzi ambaye angeweza kumhukumu wiki ya kwanza, kwa sababu hakuwa hata katika kikosi.

Naomba hadithi hii isigeuzwe kuwa kinga ya kila mpokeaji mzembe. Chiefs walikuwa na Mahomes, tena walikuwa na safu ya ulinzi iliyoruhusu pointi chache kuliko timu zote isipokuwa moja. Timu yenye kotabeki wa kawaida na ulinzi unaovuja, ikiwa na wapokeaji wale wale, ingetazama mechi za mtoano kwenye televisheni.

Swali: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwanafunzi na nimeanza kufuatilia mchezo huu mwaka huu. Nitazame nini ili nijue mpokeaji mzuri? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuuliza swali ambalo wakubwa wako wanaona haya kuliuliza. Kamera hufuata mpira, ilhali kazi kubwa ya mpokeaji hufanyika kabla mpira haujarushwa. Kwa hiyo, kabla mkupuo haujaanza, chagua mpokeaji mmoja umtazame yeye tu. Angalia mlinzi amesimama umbali gani naye. Mlinzi anayerudi nyuma yadi saba au nane kila mara anaogopa kasi ya mtu huyo, na woga huo una thamani hata kama mpokeaji hajadaka kitu, kwa sababu unawafungulia wenzake uwanja. Mlinzi akimsogelea pua kwa pua, tazama hatua tatu za kwanza: je, mpokeaji anachomoka, au anashikwa kifuani na kusimamishwa? Kisha tazama kiuno cha mlinzi. Kikigeuka kabla mpokeaji hajakata kona, mlinzi ameshadanganywa, na hapo iwapo mpira hautafika ni kosa la mtu mwingine.

Katika dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, tazama kotabeki anamgeukia nani kwanza. Kotabeki hapendelei kwa urafiki wakati walinzi wanamjia mbio, anamtafuta anayemwamini. Marudio ya picha yanayopigwa kutoka nyuma ya uwanja yatakusaidia kuliko yale ya pembeni. Mechi za Jumapili za mapema huanza saa mbili usiku kwa saa zetu mwezi huu, nazo zinakutosha. Zile za saa tisa na dakika ishirini usiku waachie wasio na vipindi vya asubuhi.

Swali: Basi tusubiri hadi lini ndipo turuhusiwe kusema? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Kusema mnaruhusiwa hata leo. Kuhukumu, mimi husubiri mechi sita hivi kati ya 17, kwa sababu kufikia hapo mpokeaji ameshakutana na walinzi wa aina mbalimbali, na wapinzani wameshazitazama picha zake na kumwekea mitego. Asiyeweza kujinasua katika mitego hiyo ndani ya majuma mawili au matatu, namwandikia. Ninachokikubali mapema ni mgawanyo wa mikupuo na wa mipira, kwa kuwa huo unaonyesha fikra za kocha, na fikra za kocha hazibadiliki haraka kama yadi.

Swali: Mpokeaji wetu amepata yadi 150 katika mechi ya kwanza. Je, tumepata nyota? (Msomaji, Minneapolis)

Jibu: Huenda. Mwaka 2019 Sammy Watkins wa Chiefs alianza msimu kwa yadi 198 na tachidauni tatu dhidi ya Jacksonville Jaguars. Alimaliza msimu wa kawaida na yadi 673 na tachidauni zile zile tatu. Mwaka 2023 Puka Nacua, chaguo la 177 la Los Angeles Rams, alianza kwa pasi 10 na yadi 119, na wiki iliyofuata akadaka pasi 15. Alimaliza na pasi 105 na yadi 1,486, yadi hizo zikiwa rekodi ya ligi kwa chipukizi. Tofauti yao ilikuwa hapo hapo tangu mwanzo: yadi nyingi za Watkins zilitokana na kukimbia na mpira baada ya walinzi kupotezana, wakati Nacua alitafutwa mara kwa mara, kwa pasi fupi na ndefu, mechi baada ya mechi. Na kwa kuwa najua wapo wanaouliza haya kwa sababu ya mkeka, niseme wazi: kubeti yadi za mpokeaji mwezi Septemba ni kuwapelekea makampuni ya kamari pesa ya kodi ya nyumba.

Swali: Timu yetu inunue mpokeaji kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa? (Msomaji, Toronto)

Jibu: Inategemea ni nini kinachokosekana. Mwezi Oktoba 2018 Dallas Cowboys, wakiwa wameshinda mechi tatu na kupoteza nne, walitoa chaguo la raundi ya kwanza ili kumpata mpokeaji Amari Cooper. Walikuwa na ukuta na mkimbiaji, wakakosa mtu wa kumzidi mlinzi ujanja. Cooper alipata yadi 725 katika mechi tisa na Cowboys wakaongoza kundi lao. Mwezi Novemba 2022 Chicago Bears walitoa chaguo la raundi ya pili ili kumpata Chase Claypool, ilhali kotabeki wao, Justin Fields, aliangushwa na mpira mkononi mara 55 msimu ule na timu ikashika mkia katika ligi kwa yadi za pasi. Claypool alidaka pasi 14 katika mechi saba, na chaguo lile likawapatia Pittsburgh Steelers, timu aliyotoka, mlinzi Joey Porter Jr. Kabla ya kumwandikia barua meneja wa timu yako, hesabu kwanza kotabeki wako ameangushwa mara ngapi.